Raia wa Berezina

Daraja liliungua tena, na raia wote wa udongo walikuwa bado ng'ambo.

"Umeshindwa, mwalimu," alisema Davis, akikusanya njiti zilizokuwa daraja.

Mchezo ulikuwa wa Davis, mhandisi mzaliwa wa Moshi aliyehamishiwa bandari ya Kigoma. Juu ya mlango wa zamani uliolazwa mezani alikuwa ametandaza mto Berezina wa Urusi, mwaka 1812. Jeshi la Napoleon linarudi nyuma, adui amekaribia, na raia wanaolifuata wanapaswa kuvuka kabla daraja halijachomwa asubuhi.

Kanuni alizitunga mwenyewe. Moja ilikuwa kali: giza likiingia, raia hawasogei, hata daraja likiwa tupu. Vitabu vilisema hivyo. Wale watu walikaa kwenye mioto yao mpaka kukacha.

"Hata wakitaka, hawawezi?" aliuliza Nikodemu, kama kila Jumapili.

"Hawawezi. Kanuni hairuhusu."

Nikodemu aliitikia kwa kichwa, akaenda kunawa mikono.

Alikuwa mwalimu kutoka Baraka, upande wa pili wa ziwa. Vita vya Zaire vilipoanza alitangulia kuja kutafuta chumba mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, kisha akatuma boti imchukulie mkewe na watoto. Boti iliwafikia usiku. Wakangoja kupambazuke, kwa kuogopa mawimbi. Wenye bunduki wakafika alfajiri, na mwenye boti akarudi peke yake.

Nikodemu alipoondoka, Melania alimgeukia mumewe, Davis.

"Mtu akifungwa hununa. Huyu wako anamaliza samaki wangu wa migebuka kama aliyechukua kombe."

"Anajikaza."

"Basi mwache avushe watu wake hata mara moja. Unapungukiwa nini? Napoleon atakudai?"

Jumapili iliyofuata Davis alitangaza kwamba kanuni ya usiku imefutwa.

Nikodemu alimtazama. "Kwa nini?"

"Ilikuwa inakuonea. Cheza."

Giza la mchezo liliingia. Daraja lilikuwa tupu. Nikodemu alishika dadu na hakuirusha.

"Mwalimu, umelala?" alisema Melania, akaichukua dadu mkononi mwake, akairusha, akaanza kuwasogeza raia yeye mwenyewe. Haikuhitaji bahati. Namba ndogo tu zilitosha. Kabla ya asubuhi ya mchezo, ng'ambo hapakubaki mtu.

"Umewaokoa wote," alisema Davis, akimnyooshea mwalimu mkono.

Nikodemu hakuupokea. Aliinama mezani, akaanza kuwarudisha ng'ambo mmoja mmoja, wanawake kwanza, kisha wale wadogo.

"Irudishe kanuni yako, bwana Davis," alisema. "Mimi huja hapa kushindwa."