Nyumba ya Madirisha

Tangu milango ianze kusema, Auleria hakukanyaga tena sebuleni kwa Selestina, rafiki yake wa tangu utotoni. Sheria ilitaka kila mlango umtajie mgeni yale ambayo wazee wa nyumba ile waliwatendea wazee wake enzi za Mjerumani, ili watu wajue vyeo na mashamba ya leo yalitoka wapi, kisha waelewane. Watu wakang'oa nondo za madirisha ili wasifike mlangoni. Chumvi, mboga, hata mtoto mchanga wa kupakatwa, vyote vikawa vinapitia huko.

Mume wa Selestina alipofariki, Auleria alijifunga kanga, akaenda moja kwa moja mlangoni.

"Karibu," mlango ukasema kwa upole. "Jumbe wa nyumba hii aliwaonyesha askari pango walimojificha wapiganaji. Babu wa babu yako alinyongwa."

Aliyajua hayo tangu shuleni. Hata hivyo, alikiachia kitasa. Akazunguka nyuma, akaingiza mkono dirishani.

"Pole, dada'angu. Nimejaribu."

"Nimekusikia," Selestina akajibu, akiung'ang'ania ule mkono. "Hata mimi mlango wako ulinishinda."

Pale uani Desi, binti mdogo wa marehemu, alikuwa akifinyanga nyumba ya udongo. Aliiezeka kwa majani, akaitoboa madirisha pande zote.

Auleria akainama. "Mlango uko wapi, mwanangu?"

Mtoto akamshangaa. "Wa nini, mama mdogo? Hii ni nyumba ya watu wanaopendana."