Chiriku Akinyamaza

Jumapili ya tano mfululizo Isakwisa hakwenda kanisani. Wenzake walipokuwa wakiimba ng'ambo ya kijito, yeye alikuwa amepiga magoti katikati ya mibuni yake, kisanduku cha Mzungu kando, jembe mkononi, akichimbua jiwe jeusi lililotoshana na kichwa cha mbuzi.

Kisanduku kilikuwa kikilia. Ta-ta-ta-ta. Wapagazi walikiita Chiriku kwa jinsi kilivyokuwa na domo, ila hiki kilipiga domo penye mawe ya namna moja tu. Siku sita za juma Isakwisa ndiye aliyekibeba, milima yote ya nyuma ya Iyunga. Jumamosi jioni yule Mzungu, Bwana Mpimaji, alipoteremkia Mbeya mjini, alimwachia akitunze nyumbani. Hakuna aliyemkataza kukiwasha.

Jiwe likatoka. Alilitia kapuni, akajitwika kapu begani. Mgongo ulimuuma tangu Jumapili ya pili, na sasa hata kupiga magoti kusali kulikuwa adhabu.

Habari ilianza mapema mwaka huo wa hamsini na saba. Karani Sedekia, mkalimani wa Bwana, aliwaambia wapagazi kwamba kampuni inatafuta mawe ya umeme. Ulaya wamejenga majiko ya kuyatumia, na kapu moja linawasha taa za mji mzima.

"Na sisi taa zitatufikia?" Isakwisa aliuliza.

"Wewe, tata, beba mzigo," Sedekia alijibu, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Omba tu wasipapende kwako. Kampuni ikipataka mahali, mwenyewe anahama."

Isakwisa alikwisha kuhama mara moja, ujanani, kumpisha mlowezi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na nyuma ya nyumba, kwenye migomba, walilala mama yake na watoto wake wawili. Alikuwa amechoka. Mtu hafungi makaburi kwenye mzigo akahama nayo.

Basi mawe yahame, yeye abaki. Aliyabeba moja moja hadi ng'ambo ya mpaka, akayafukia katika shamba la jirani yake Jailos. Jailos alikuwa kanisani akiongoza kwaya, na sauti yake ilisikika mpaka pale. Ni yeye aliyeusogeza mpaka huo hatua tatu, akaapa kwa Biblia kwamba hakuugusa.

"Simwibii kitu," Isakwisa alijisemea. "Ninampa."

Mchana mkewe, Tusekile, alirudi na kitenge chake cha kanisani.

"Baba Yudith, mchungaji amekuulizia tena."

"Ukamwambiaje?"

"Nimesema mgongo."

"Basi hukudanganya."

Jumatatu alirudi kazini kambini. Hema lilikuwa limejaa magunia ya mawe yaliyokusanywa milimani. Bwana alikuwa mezani akijaribu kupima kijiwe kimoja kidogo, lakini Chiriku alilia mfululizo, hata isijulikane analilia kijiwe au magunia. Bwana akaitupa kalamu, akasema maneno marefu ya Kiingereza. Sedekia hakuyatafsiri, na Isakwisa hakuuliza. Mambo ya mezani hayakumhusu.

Jumapili ya sita alitembea na kisanduku shamba zima, kutoka mpakani hadi makaburini. Tiki moja. Kimya kirefu. Tiki nyingine. Akaketi chini ya mgomba akalia, kwa uchovu zaidi kuliko kwa furaha.

Alhamisi Bwana akaja kijijini mwenyewe. Walianzia kwa Jailos, Isakwisa akiwa na kisanduku mgongoni. Chiriku alipiga domo kwelikweli. Bwana akatikisa kichwa na kuandika. Jailos alisimama mlangoni amekunja mikono, na Isakwisa hakuweza kumtazama usoni.

Wakavuka mpaka. Chiriku akanyamaza. Bwana alizunguka shamba mara tatu, akatega sikio, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu masika. Akampa Isakwisa mkono. Isakwisa akaupokea kwa mikono yake yote miwili, na Tusekile, pale jikoni, akaziba mdomo kwa kitenge.

Sedekia peke yake hakutabasamu. Alivua kofia.

"Pole, tata," alisema. "Mawe tulishayapata mlimani, kule kusikokaa mtu. Kinachotafutwa sasa ni mahali pa kujenga nyumba ya kuyapimia, na mashine haipimi sawasawa penye kelele za Chiriku. Bwana alikuwa amepapenda kwa Jailos, kwa kuwa ni karibu na barabara, lakini mwenyewe umesikia kule, na umesikia hapa."