Maua ya Nungunungu

"Hivi nyinyi hamjui kusoma?" Nungunungu aliwauliza wanyama wenzake.

Kila asubuhi aliandika kwenye blogu yake mahali wawindaji walipotega, na kila siku mnyama alinaswa. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Blogu yenyewe alikuwa ameipamba kwa maua yanayocheza na muziki unaojipiga wenyewe, mradi tu waje wasome.

Siku hiyo Digidigi akaja akichechemea, waya umemkata mguu.

"Wewe, si niliandika jana? Njia ya mtoni msipite."

"Niliifungua, dada. Ua likacheza, likacheza, wimbo ukaisha ukaanza upya. Maandishi hayakutokea. Kiu ikanizidi, nikaenda zangu mtoni."

Nungunungu alimfunga jeraha taratibu. Kisha akakaa chini, akafuta maua yote, akaondoa muziki, na juu kabisa akaandika njia zenye mitego. Akamsogelea Digidigi.

"Mdogo wangu, naomba uifungue sasa kwenye simu yako, uniambie kama inasomeka."