Mkate wa Saba

Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi Umsunai aliposikia hodi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kuwakaangia marehemu mikate saba, harufu iwafikie huko waliko.

Mlangoni walisimama wahubiri watatu, kanzu nyeupe, mikono kifuani.

"Mama, tumekuja kwa wema," alisema kijana wa mbele. "Hiyo mikate ni bidaa, uzushi katika dini. Maiti hali moshi."

"Na huko mlikopita mmelishwa nini?"

"Tumefungiwa milango."

"Mimi sijafunga."

Alirudi jikoni, akauopoa mkate wa mwisho kwa vidole vitupu, akaja nao mlangoni kumnyooshea kijana. Kijijini pale hata adui haondoki kizingitini bila kuonja mkate, na anayeonja wa Alhamisi humwombea marehemu.

Kijana alirudi nyuma hatua moja. "Mkate wa wafu sili, mama."

"Ndevu zako hazinidanganyi, wewe ni mtoto wa jirani yangu. Sita ni ya watu wangu. Huu wa saba ni wa mama yako. Tangu uende mjini kusomea kumsahau, namkaangia mimi."

Wenzake wakamgeukia. Mafuta ya moto yalimchuruzika Umsunai mpaka kwenye kiwiko, lakini mkono hakuushusha.

"Ukikataa, nenda kamwambie mwenyewe. Kaburi lake unalijua?"

Kijana alifumbua kinywa ajibu. Umsunai akamega kipande, akamtia mdomoni, kisha akasimama palepale aone kama atatema.