Nakala Tatu za Sauti

"Sitaki ipotee hata moja," mwanamke alisema, akaiweka simu mezani kwa mikono miwili kama anayetua yai.

Kioo kilikuwa kimepasuka na chaji ilikuwa imebaki kidogo. Silvester aliichomeka haraka kwenye kompyuta. Ndani yake kulikuwa na meseji za sauti mia mbili na kumi na mbili, zote kutoka kwa mtu mmoja, aliyeandikwa "Mume wangu".

Alifungua moja kuhakikisha kwamba inasikika. Sauti nzito ya kiume ikajaza duka: "Mke wangu Damari, nimefika Igawa salama. Mbao zimelowa, lakini mimi mzima. Nakuwaza."

Damari aliweka mkoba magotini, akiangalia lori la magogo likipita nje.

Silvester naye aliwahi kuwa na sauti kama hizo. Mkewe, Faustina, alipofariki, alimwachia meseji thelathini na moja. Alizihifadhi kwenye simu na kwenye kompyuta, akadhani amemaliza. Kisha radi ikapiga nguzo ya umeme, na simu ilikuwa inachajiwa kwenye kompyuta hiyohiyo. Vikaungua pamoja.

Tangu siku ile, dukani kwake hapo Mafinga, mkabala na mahakama, hakuna kazi ya mteja iliyokaa mahali pamoja tu. Michoro ya mafundi seremala, mitihani ya shule, kadi za harusi, vyote alivinakili kwenye diski, na kila Jumamosi diski ilipanda basi kwenda kwa dada yake Iringa. Watu walimcheka. Aliwaacha wacheke.

"Pole sana, mama," alisema. "Ilikuwa lini?"

"Mwezi wa nane."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hata mafua hakuwa nayo. Alikunywa chai, akatoka mzima kabisa. Hakurudi."

"Na ndugu zake wanakusaidia?"

"Wanataka nitoke kwenye nyumba."

Silvester alitikisa kichwa. Hayo nayo aliyajua. Shemeji zake mwenyewe walikuja kuchukua hadi cherehani.

"Tutatoa nakala tatu," alisema. "Moja utakaa nayo wewe. Moja iende mbali na nyumbani, hata pakiungua isiguswe. Na moja ya akiba."

"Ya mbali atanitunzia mchungaji. Hiyo ya akiba naitoa leo. Kuna watu watakaa kuisikiliza."

Ibada ya kumbukumbu, Silvester aliwaza. Akavuta kiti chake karibu zaidi na kompyuta.

Alizisikiliza nyingi, mojamoja, ili asije akampa mama wa watu faili bovu. "Mume wangu" huyo alikuwa Makambako, alikuwa Chunya, alikuwa amekwama kwenye tope na bado anamkumbuka mkewe. Asubuhi ikapita hivyo. Wateja wawili walichungulia mlangoni, akawaambia warudi baadaye.

"Tarehe zitaonekana?" Damari aliuliza.

"Tarehe na saa, mama. Sijagusa kitu."

"Na pale anaposema 'mke wangu', panasikika vizuri?"

Silvester aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta bahasha.

"Panasikika," alisema.

Alizitia flashi tatu kwenye bahasha tatu, na juu ya kila moja akaandika kwa mwandiko wake bora: Damari Sanga. Malipo alikataa. Akamsindikiza mpaka nje, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Huko aliko anakusikia, mama."

"Lazima asikie," Damari alijibu, akavuka barabara.

Silvester alirudi kukaa. Akatoa leso, akapenga. Alikuwa bado ameinamisha kichwa aliposikia mtu akiingia.

"Habari za kazi, fundi. Nitolee kopi ya karatasi hii, tafadhali. Fanya hima, natakiwa hapo mahakamani saa sita."

Leso ilibaki puani. Sauti hiyo alikuwa ameisikiliza asubuhi nzima.

Aliinua macho taratibu. Mbele yake alisimama mwanamume mnene, mwenye afya, ndani ya koti jipya, akiangalia saa yake.

Silvester alipokea karatasi, akafungua kifuniko cha mashine, akailaza juu ya kioo. Ilikuwa hati ya kiapo, yenye mhuri na sahihi.

"Mimi, Eliezeri Mgaya, naapa ya kwamba sijapata kuwa na mke, na kwamba mwanamke anayeishi katika nyumba yangu, ajiitaye Damari Sanga, ni mpangaji."