Panya na Jiwe la Kinu

Kinu cha maji kilikufa zamani. Lilibaki jiwe la kusagia, na mfereji uliopitisha maji kando yake. Chini ya jiwe hilo Panya alizaa watoto wanne, na tangu hapo hakupata usingizi.

"Mvua ikinyesha, jiwe litazunguka litusage," alimwambia jirani yake Kobe.

"Gurudumu lake limeshaoza, mwenzangu. Litazungushwa na nini?"

"Wewe una gamba, utaijuaje hofu?"

Panya akauziba mfereji kwa udongo, akaushindilia mpaka vidole vikatoka damu. Mvua ikanyesha. Maji yalipokosa njia yake ya siku zote, yakageukia shimoni mwake.

Asubuhi Kobe alimkuta juu ya jiwe, amelowa, amebakiwa na mtoto mmoja. Jiwe lilikuwa halijasogea hata kidogo.