Kulabu ya Winchi

"Mgeni wa leo ndiye anayetujengea karakana mpya," mkuu wa chuo alimnong'oneza Mwalimu Sikudhani mlangoni. "Ukiitoa ile kulabu yako, dada, kesho usije."

Sikudhani aliingia darasani, akaitoa. Kila mwaka somo la kuchagua malighafi alilianza hivyo: kulabu ya winchi iliyokatika ilipita mkono kwa mkono, na kila mtu aliipapasa pale ilipokatikia.

"Ina chembechembe kama sukari," alisema mwanafunzi mmoja, Machumu. "Chuma cha kumimina hiki."

"Kwa nini walikimimina?"

"Rahisi, Mwalimu. Unakiyeyusha, unakimimina kwenye kalibu, unatoa kulabu nyingi kwa siku moja."

"Nayo ilikuwa ya kunyanyua mizigo juu ya vichwa vya watu. Wewe ungechagua nini?"

"Chuma cha pua, kifuliwe. Kikizidiwa hupinda kwanza, watu wakakimbia. Hiki hakipigi hata hodi!"

Darasa likacheka. Sikudhani hakucheka.

"Siku ilipokatika, chini yake walikuwa wapakizi sita. Gazeti likaandika ni ajali, mji ukasahau. Wenye viwanda huupenda sana mji unaosahau."

Kulabu ikafika nyuma, alipoketi mgeni, mwenye kiwanda kilichoimimina. Mkuu wa chuo, aliyeketi kando yake, akawahi kunyoosha mkono aipokee yeye.

"Hapana, Mkuu," alisema Machumu, asiyejua mgeni ni nani. "Hapa kila mtu hupapasa."

Wanafunzi wote wakageuka. Mgeni aliilaza kulabu juu ya suruali yake nyeupe, kidole chake kikaning'inia karibu na ule mkatiko, bila kuugusa.